TAA NYEKUNDU NA USUKANI UNAOTETEMEKA



Kuna maneno ambayo kila dereva wa Land Rover au Land Cruiser ya zamani amepata kuambiwa: "Endesha tu, gari kuukuu ndivyo ilivyo." Taa imewaka mbele yake, usukani wamtetemekea mikononi, naye ana watu wanane nyuma na kilometa 60 za changarawe mbele. Twasema wazi kwamba hilo si jibu la ufundi. Ni jibu la mtu ambaye hatakuwamo ndani ya gari hiyo.

Tuanze na taa. Asubuhi, kabla ya kupiga mashine, fungua swichi utazame dashibodi. Taa za oili, betri na breki, na ya ABS kama gari inayo, zapasa kuwaka, kisha zizimike mashine ikishika na hendibreki ikishuka. Taa isiyowaka kabisa wakati huo si dalili ya uzima. Balbu imekufa, au mtu ameitoa, au amebandika kitu cheusi juu yake ili gari iuzike. Kuitoa balbu ya betri ni upumbavu mara mbili, kwa maana katika gari nyingi za zamani umeme wa kuamsha alternata hupitia balbu ile ile. Ukiitoa huenda alternata isichaji, na usiku ukukute porini bila taa za mbele.

Taa nyekundu ya oili haina mazungumzo. Zima mashine papo hapo, si kwenye kituo kinachofuata, upime kijiti. Oili ikiwa kamili na taa bado yawaka, usiwashe tena. Mashine ya Td5 ya Land Rover, hasa zile za miaka ya kwanza baada ya 1998, ina bolti ya pampu ya oili inayojulikana kwa kulegea. Dereva aliyezima mara moja huenda akaiokoa mashine nzima. Nyekundu ya breki nayo ni kusimama. Mafuta ya breki yakiwa yamepungua usijaze tu ukaondoka. Yamekwenda wapi? Huenda pedi zimelika, huenda paipu yavuja.

Ya manjano ya ABS si ya haraka kama hizo: breki za kawaida zipo, ila ukikanyaga kwa nguvu penye utelezi magurudumu yaweza kufunga. Katika Discovery ya pili, iliyotengenezwa tangu 1998 hata 2004, huwaka taa tatu pamoja, na dereva mgeni hushtuka kama nyumba inaungua. Mara nyingi chanzo ni kimoja: kifaa kidogo kinachosoma mzunguko wa gurudumu, au waya wake, au swichi zilizo ndani ya bloku ya ABS. Lakini hapa twataka makanika wasikilize. Kifaa kile kiko kwenye habu. Beringi ya habu ikichakaa, habu hucheza, nafasi ya kifaa hubadilika, taa huwaka. Na habu ile ile inayocheza ndiyo itakayotetemesha usukani. Anayebadilisha kifaa pasipo kulishika gurudumu na kulitikisa ametibu taa, hakutibu gari.

Kuhusu usukani, jambo la kwanza kuuliza ni watetemeka lini. Ukianza kwenye kilometa 80 au 90 kwa saa, kisha ukatulia mwendo ukibadilika, anza na magurudumu: kipande cha balansi kimeanguka, rimu imepinda, tairi imevimba. Wenzetu wa nchi ya udongo mweusi wakumbuke matope pia. Yakikauka upande wa ndani wa rimu hutetemesha gari vile vile, na dawa yake ni maji na kijiti. Ukitetemeka ukanyagapo breki tu, tazama diski au dramu. Mtetemo ukiusikia kitini zaidi ya mikononi, tazama krosi za propela.

Lakini kuna mtetemo wa namna nyingine. Gari yaenda kilometa 60 au 70, gurudumu lapiga shimo, na ghafula magurudumu ya mbele yarukaruka kushoto na kulia hata usukani wakaribia kukuponyoka, wala hautulii mpaka mwendo uishe. Huo hasa ni wa gari zenye ekseli nzima ya mbele, kama Defender na Land Cruiser nyingi za kazi. Ukikupata, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani imara, punguza polepole. Kisha gari isitoke tena kabla makanika hajalala chini yake.

Kazi hiyo yataka watu wawili. Gari ikae juu ya magurudumu yake, ya nyuma yamezuiwa kwa mbao. Mmoja azungushe usukani kidogo kushoto na kulia, mwenzake atazame tairodi na, kwenye gari za springi za koili, kile chuma kirefu kinachoshika ekseli isikimbie upande, ncha zote mbili. Bushi iliyokufa utaiona ikicheza kabla gurudumu halijageuka. Kisha piga jeki, weka stendi madhubuti wala si mawe, shika gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki. Mchezo ukipotea, ni beringi ya habu. Ukibaki, ni kingipini.

Tajiri mwingine hununua shokabzoba mpya ya usukani, mtetemo watulia, gari yarudi barabarani. Hilo twalikataa. Shokabzoba haikazi bushi wala beringi. Yaficha ugonjwa miezi michache huku chuma chaendelea kulika. Hatusemi tajiri ana pesa za bure, lakini bushi mbili ni rahisi kuliko tairi mbili.

Sasa kitabu cha gari. Sheria ya Barabarani, Sura ya 403, kifungu cha 55, yataka gari na vyombo vyake viwe katika hali isiyohatarisha watu barabarani wala waliomo ndani. Ajali ikitokea, wa kwanza kuulizwa ni aliyeshika usukani, na gereji itasema haikuambiwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mfanya kazi aripoti hatari kubwa kwa msimamizi wake, na mwajiri hana ruhusa kumrudisha penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Lakini ripoti ya mdomo haina shahidi. Andika tarehe, kilometa za gari, taa gani, yawaka daima au yamweka, mwendo gani, breki au bila breki. Hayo humfaa makanika kuliko "gari mbaya", maneno tuyaonayo vitabuni kila siku. Msimamizi atie sahihi; akikataa, andika kwamba amekataa, na saa. Weka nakala ya kaboni au piga picha kwa simu, na ukiamriwa kuitoa gari hivyo hivyo, mpe mjumbe wa chama nakala hiyo kabla hujatoka langoni.