Mgodi Mmoja, Mikoa Miwili: Nani wa Kumuuliza Katibu Tawala?

Mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu uko Kakola, katika Halmashauri ya Msalala, mkoani Shinyanga. Ushuru wa huduma unaolipwa na mgodi huo, ambao kisheria ni asilimia ndogo ya mauzo ghafi, haukuishia Msalala peke yake. Sehemu yake imekuwa ikienda Nyang'hwale, halmashauri iliyo upande wa pili wa mpaka, mkoani Geita. Zinapovutana halmashauri mbili za mkoa mmoja, Katibu Tawala wa Mkoa anaweza kuwaita wakurugenzi wote wawili mezani. Zikivutana halmashauri za mikoa miwili, Katibu Tawala wa Shinyanga hana amri Geita na mwenzake wa Geita hana amri Shinyanga, kwa hiyo barua hupanda TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, Dodoma. Ukiangalia kwa haraka utasema tatizo ni uhaba wa madaraka mkoani. Mimi nasema sivyo. Ofisi ya Mkuu wa Mkoa haikosi madaraka. Inachokosa ni mtu wa mkoani mwenye haki ya kuiuliza imeshauri nini, lini, na ushauri huo umeishia wapi.

Ofisi hii tuliyonayo ilizaliwa na Sheria ya Tawala za Mikoa Na. 19 ya 1997. Kabla yake tulipitia Madaraka Mikoani ya 1972, yaliyofuta halmashauri na kuyaweka maendeleo mikononi mwa wakurugenzi wa mikoa na wilaya waliotumwa na Serikali Kuu. Halmashauri ziliporudishwa miaka ya 1980, mkoa ukabaki na watumishi wengi waliokuwa wakifanya kazi zilezile za halmashauri. Sheria ya 1997 ikaupunguza mkoa na kuupa kazi ya sekretarieti, yaani kuratibu, kutafsiri sera na kuzipa halmashauri utaalamu. Mkuu wa Mkoa ni mwakilishi wa Rais. Katibu Tawala ndiye mtendaji, mshauri wake mkuu na Afisa Masuuli wa fungu la mkoa katika bajeti ya taifa, Shinyanga ikiwa Fungu 83 na Geita Fungu 63. Chini yake wako Makatibu Tawala Wasaidizi wa seksheni: mipango, utawala, afya, elimu, miundombinu, uchumi na uzalishaji, usimamizi wa serikali za mitaa. Bajeti ya Msalala ikishapita Baraza la Madiwani hufika kwa wachumi wa seksheni ya mipango, ambao huikagua mstari kwa mstari kwenye mfumo wa PlanRep. Kasoro wanazoziona huandikwa kwenye dokezo. Dokezo hupanda kwa Katibu Tawala, faili hurudi masjala, na mwananchi wa Kakola aliyetaka kujua kwa nini zahanati yake imeachwa nje ya mpango hatalisoma dokezo hilo maisha yake yote.

Hapo ndipo ilipo kazi halisi ya sekretarieti, na ni kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani, hasa katika ukanda wa dhahabu, kwa sababu serikali yenyewe huku imegawanyika vipande vipande. Afisa Madini Mkazi anawajibika kwa Tume ya Madini, na mipaka yake ya kazi haifuati mipaka ya utawala: Kahama ni mkoa wa kimadini, Mbogwe vilevile, ingawa kiutawala zote mbili ni wilaya. Barabara za wilaya zilihamia TARURA mwaka 2017. Maji vijijini yalihamia RUWASA mwaka 2019. Mazingira ni ya NEMC. Bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui lilipopasuka Novemba 2022 na tope kutapakaa kwenye makazi na mashamba ya Kishapu, hakukuwa na taasisi hata moja kati ya hizo iliyoweza kulibeba jambo zima peke yake. Mahali pekee ambapo zote hukaa meza moja ni mkoani. Anayesema ofisi ya mkoa ivunjwe kwa kuwa ni ya urembo anapaswa kwanza kutuambia nani ataitisha kikao hicho.

Tuangalie fedha za migodi. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017 yanautaka mgodi uandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii (CSR) na kukubaliana na halmashauri, kwa kushauriana na waziri wa serikali za mitaa na waziri wa fedha. Kifungu kinaitaja halmashauri, kinawataja mawaziri wawili, kisha kinauruka mkoa. Hata hivyo Geita, ambako fedha za CSR za mgodi wa dhahabu wa GGM zimekuwa zikizidi shilingi bilioni 9 kwa mwaka, miradi ikichelewa au bei za vifaa zikileta maneno kati ya mgodi na halmashauri, macho yote huelekea kwa Mkuu wa Mkoa. Anaingia, anatoa maagizo mbele ya kamera, anaondoka. Ushauri wa kitaalamu uliotangulia maagizo hayo, kama ulikuwepo, haujulikani. Hatuwezi kujua kama wahandisi wa sekretarieti walionya mapema wakapuuzwa, au walinyamaza.

Inashangaza zaidi ukisoma sheria yenyewe. Ileile sheria ya 1997 inampa Mkuu wa Mkoa uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48 akiona amani iko hatarini. Haimlazimishi popote kuwaeleza wananchi kwa nini ofisi yake iliunga mkono mpango wa halmashauri moja na kurudisha wa nyingine. Tumempa rungu, hatukumdai maelezo.

Utetezi wa kwanza utakuwa kwamba ipo Kamati ya Ushauri ya Mkoa, RCC kama tunavyoizoea. Ni kweli ipo, na wajumbe wake si haba: wakuu wa wilaya, wabunge, wenyeviti na mameya wa halmashauri, wakurugenzi. Lakini mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa na katibu wake ni Katibu Tawala. Wanaopaswa kuulizwa ndio wanaopanga ajenda na kuandika muhtasari. Katibu Tawala huulizwa kwelikweli Dodoma, mbele ya Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, baada ya ripoti ya CAG. Huko anajibu kuhusu vocha na hati za malipo. Ubora wa ushauri aliompa mkurugenzi wa Nyang'hwale au Msalala si hoja ya ukaguzi wa hesabu.

Wapo wanaotaka tuende mbali zaidi, kwenye serikali za majimbo. CHADEMA imeipigia debe sera hiyo kwa miaka mingi, na mifano ya nje haikosekani. Malaysia kila jimbo lina katibu wake mkuu wa serikali, kinara wa utumishi wa umma, anayefanya kazi chini ya serikali inayopitishiwa bajeti na bunge la jimbo. Ardhi, pamoja na leseni za uchimbaji, ni mambo ya jimbo. Kenya, Sheria ya Madini ya 2016 inaipa kaunti asilimia 20 ya mrabaha na jamii inayozunguka mgodi asilimia 10. Ni hoja nzito, lakini kwetu madini ni mali ya taifa zima, na kuligeuza hilo kunahitaji Katiba nyingine na mjadala ambao hautaisha leo wala kesho. Tena jimbo la Geita lenye dhahabu lingekuwa na sababu gani ya kugawana na Simiyu isiyo na mgodi mkubwa? Kitu cha kuazima kutoka Malaysia ni kidogo na rahisi zaidi: katibu wa jimbo anaihudumia serikali yenye baraza la kuihoji hapohapo jimboni.

Pingamizi gumu zaidi ni la watumishi wenyewe. Watasema dokezo likiwekwa wazi mtaalamu ataogopa kuandika ukweli, na halmashauri italia kwamba mkoa unaiingilia. Woga huo nauelewa, ila unapindua mambo. Leo mtaalamu anaogopa kwa sababu ushauri wake ukizimwa ngazi za juu hakuna wa kushuhudia kwamba aliutoa. Majadiliano ya ndani yabaki ndani, majina ya waandishi yafichwe. Kinachotakiwa hadharani ni maoni ya mwisho ya sekretarieti kuhusu bajeti ya kila halmashauri na kila mpango wa CSR. Uhuru wa halmashauri nao haupungui, maana diwani bado atakuwa na haki ya kuukataa ushauri huo, safari hii mbele ya wapiga kura wake.

Kwa hiyo TAMISEMI ianze na waraka mmoja: maoni hayo yabandikwe kwenye mbao za matangazo na tovuti za mikoa kabla RCC haijakaa, na ajenda ya kwanza ya kikao iwe Katibu Tawala kueleza ushauri wa mwaka uliopita ulifuatwa wapi na ulikataliwa wapi. Kikao hicho kiongozwe na mjumbe aliyechaguliwa na wananchi. Bunge nalo liongeze kifungu kinachozilazimisha sekretarieti za mikoa inayopakana kukaa pamoja kila mwaka kuhusu migodi inayogusa pande zote mbili. Wabunge wa Msalala na Nyang'hwale wanaweza kuipeleka hoja hiyo bungeni bila kusubiri Serikali.