Kabla ya kufunga turbo, bloki itazamwe kwanza

Gari linapopanda Kabasha, kutoka uwanda wa Rwindi kuelekea Kanyabayonga, kila abiria husikia jinsi moteri inavyolia. Juu kuna magunia ya maharagwe, magodoro na sufuria za familia inayorudi kwao au inayokimbia tena. Hapo mwenye gari hutamani nguvu zaidi. Akifika mjini, anaingia garaji na kuomba afungiwe turbo kwenye moteri isiyotengenezwa kwa turbo. Kosa linaanzia hapo.

Mfano unaojulikana ni Land Cruiser. Moteri ya 1HZ, ya mazuti, ina silinda 6 na ujazo wa lita 4.2, na haina turbo. Ndugu yake, 1HD-T, ina ujazo uleule: silinda zina upana wa milimita 94 na pistoni hutembea milimita 100, sawasawa na 1HZ. Lakini hiyo ilitoka kiwandani na turbo. Zote mbili zina bloki ya fonti, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Ndiyo maana fundi hujibu haraka: "Ni kitu kimoja, tunaongeza turbo tu."

Si kitu kimoja. 1HZ hubana hewa karibu mara 22, wakati 1HD-T hubana karibu mara 18 na nusu, ikiacha nafasi kwa hewa ya turbo. 1HZ huwasha mazuti katika chumba kidogo ndani ya kichwa cha moteri. 1HD-T huyanyunyiza moja kwa moja juu ya pistoni. Tena 1HD-T ina vitundu vinavyorusha mafuta ya moteri chini ya pistoni ili kuzipoza. 1HZ ya kawaida haina. Turbo ikiongeza hewa, fundi naye akiongeza mazuti, joto hupanda na hakuna cha kulipoza. Gari litakwenda vizuri kwa miezi, kisha siku moja mlimani, likiwa limejaa watu, pistoni inapasuka au kichwa kinafanya ufa.

Mwenye gari si mjinga. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na moteri isiyo na turbo hupoteza nguvu. Anayetafuta nguvu ana haki ya kuitafuta, ila aitafute kwenye bloki inayoweza kuibeba.

Wengine husifu bloki za aliminiamu kwa wepesi wake. Ni kweli, ni nyepesi sana kuliko fonti. Lakini aliminiamu hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya fonti, na maji yakiisha njiani hupinda upesi. Kwa njia zenye mashimo na mizigo mizito, fonti huvumilia zaidi.

Basi anayetaka turbo anunue 1HD nzima: bloki, pistoni na kichwa chake. Ni ghali, lakini moteri inayokufa Kabasha ni ghali zaidi. Asiye na pesa hizo aiache 1HZ ilivyo na apunguze mzigo. Vilevile bloki iliyotumika isifungwe kabla ya kupimwa. Ioshwe kwa petroli ya taa, ipanguswe hadi ikauke, kisha ipakwe unga wa chaki. Ufa ukiwepo, petroli hutoka ndani yake na kuchora mstari kwenye chaki. Silinda nazo zipimwe kwa kipimo, si kwa kidole.

Vyama vya madereva vingeweza kudai jambo hilo kabla gari halijapangiwa zamu. Anayelipa kosa la garaji si fundi wala mwenye gari peke yake. Ni mama aliyeketi juu ya magunia na watoto wake, aliyetoa nauli yake ya mwisho, akalala porini mahali ambapo hakuna mtu anayependa kulala.