Usinisifie, niambie ulipochoka!

Kama mfuko umetoboka usijali. Wiki hii nakuletea starehe isiyodai kiingilio wala nguo mpya. Unachohitaji ni meza, washikaji wanne au watano na hadithi. Kaa mkao wa kula.

Kwanza nikuulize. Hivi unajua kwamba Jenga, ule mchezo wa vipande vya mbao vinavyopangwa mnara halafu watu wanachomoa kimoja kimoja huku jasho likiwatoka, jina lake ni Kiswahili chetu hiki hiki? Si utani. Mwanamama Leslie Scott, Mwingereza aliyekulia Afrika, aliutambulisha mwaka 1983 kwenye maonyesho ya vitu vya kuchezea mjini London. Familia yake ilianza kuucheza Ghana miaka ya 1970, kwa vipande vilivyotoka kwenye kiwanda cha mbao cha Takoradi. Lilipofika suala la jina, akachukua neno alilolijua toka utotoni, "kujenga", akalikata kichwa, kazi kwisha. Vipande 54, ghorofa 18, vitatu vitatu.

Sasa kasheshe inaanzia hapa. Mwaka 2005 jamaa aitwaye Epidiah Ravachol na mwenzake Nathaniel Barmore walitoa mchezo unaoitwa Dread, wakauchukua mnara wa namna ile wakauingiza ndani ya hadithi za kutisha. Ni ile michezo ya kuigiza mezani: hakuna ubao, hakuna kufunga goli, hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Mmoja wenu ni msimulizi, waliobaki kila mtu ana mhusika wake.

Unachezwa hivi. Msimulizi anasema ni usiku, mmekwama mahali, kuna kitu kinagonga mlango. Wewe unasema mhusika wako anafanya nini. Kama ni jambo jepesi, limefanyika. Kama ni la hatari, unachomoa kipande na kukiweka juu ya mnara. Ukiweza, mhusika wako naye kaweza. Ukigoma kuchomoa, kashindwa, ila bado yumo. Mnara ukianguka mikononi mwako, mhusika wako ametoka kwenye hadithi, mara nyingi kwa kifo. Na ukitaka kufa kishujaa unausukuma mwenyewe kwa makusudi: mhusika wako anaondoka, lakini alichokuwa anakipigania kinafanikiwa. Dadu hazimo kabisa. Woga unatoka vidoleni, bwana! Kadiri mnara unavyolegea ndivyo na watu wanavyoacha kutaniana, bila hata msimulizi kupaza sauti.

Lakini leo sitaki kukufundisha kucheza tu. Nataka tuongelee wale wanaovitunga visa vya michezo hii, hasa wale wadogo wasio na kampuni nyuma yao, na jambo moja wasiloweza kulikwepa: majaribio.

Hata mzee wa michezo yote hii, Dungeons & Dragons, hakushushwa kutoka mbinguni. Kabla hajatoka mwaka 1974, Gary Gygax, ambaye alishapoteza kazi yake ya bima na akawa anatengeneza viatu, alikuwa akiwachezesha watoto wake nyumbani, mji wa Lake Geneva huko Wisconsin, Marekani. Mwenzake Dave Arneson alikuwa akiwachezesha washikaji zake Minnesota. Walicheza, wakafuta, wakaandika tena. Nakala za kwanza zilikuwa 1,000 tu. Mchezo huo sasa ni mali ya kampuni kubwa ya Hasbro, na bado toleo lake la mwaka 2014 lilitanguliwa na majaribio ya wazi kwa umma yaliyoanza mwaka 2012. Kama mkubwa anajaribu miaka miwili, wewe mwenzangu na daftari lako la shilingi mia tano unakimbilia wapi?

Basi nina mshikaji wangu mmoja, jina naliweka kapuni, fundi simu wa Mwananyamala. Katunga kisa cha kuchezwa kwa mnara. Abiria sita wako kwenye pantoni ya mwisho ya usiku kwenda Kigamboni, injini inazima katikati ya maji, na kila wakihesabiana wanajikuta wamezidi mmoja. Nilipousikia mwili ulinisisimka! Vipande alichongewa na fundi seremala wa Keko, kwa masharti: visifanane mno. Vikiwa sawasawa kabisa vinabanana vyote na hakuna kinachotoka.

Jaribio la kwanza tulicheza watano. Dakika arobaini tu, mnara chini! Na uliangushwa na nani? Na jamaa aliyekuwa ananunua karanga. Naam, karanga! Mshikaji alikuwa anamwambia mtu achomoe kipande kwa kila kitu: kupanda ngazi chomoa, kuwasha tochi chomoa, karanga chomoa. Marehemu wetu wa karanga akahamia kwenye simu yake, saa nzima iliyobaki anaangalia video za mpira. Mtunzi hakubisha, aliandika tu kwenye daftari. Jaribio la pili kukawa na sheria mpya: chomoa pale tu ambapo ukishindwa kuna kitu kitaharibika. Safari hiyo mnara ulisimama karibu saa mbili, na ulipoanguka watu watatu walipiga ukelele.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Baada ya mchezo, sisi Wabongo kwa adabu zetu tunajua kusema neno moja: "Kali!" Umeipenda? "Kali sana." Hilo ni sifa, na sifa haikuambii ubadilishe nini. Mshikaji wangu amelipiga marufuku mezani kwake. Anauliza vitu vingine. Ulitoa simu mfukoni wakati gani? Ni kitu gani ulitaka kufanya ukadhani hairuhusiwi? Ulichoka wapi? Mtu anaona haya kukwambia kazi yako mbovu, lakini ukimuuliza alichoka saa ngapi atakujibu bila kukuvunjia heshima. Mie naona hata kwenye mapenzi yafaa, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine!

Jaribio la tatu ndilo kiboko, na mtunzi mwenyewe haruhusiwi kuwepo. Alizichukua kurasa zake saba, akawatumia binamu zake Tanga, akakaa kimya. Hakuna kupiga simu kuelekeza. Majibu yaliporudi akashika kichwa: hakuna hata mmoja aliyekwenda chumba cha injini, na siri yote ya kisa imefichwa humo. Kumbe kwenye kurasa chumba hicho hakikutajwa popote! Sisi tulikifikia kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa anakitaja kwa mdomo kila mara. Binamu hawakuwa na mdomo wake, walikuwa na karatasi. Na anayeununua mchezo naye anapata karatasi, hapati mtunzi.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikae niandike safu hii.

Kwenye meza za michezo hii siku hizi kuna utaratibu mmoja ulioletwa na Mmarekani John Stavropoulos. Katikati ya meza inawekwa karata. Jambo likikugusa pabaya, unaiweka kidole tu. Kinachosimuliwa kinakatwa au kubadilishwa hapo hapo, na huulizwi kwa nini. Sisi tunatumia jokari. Kwa wiki nzima tuliichukulia kama pambo, hakuna aliyeigusa.

Usiku wa jaribio la pili alikuwepo dada mmoja, mcheshi kuliko sote. Pantoni ilipoanza kulala ubavu na maji kuingia, akakiweka kidole chake juu ya jokari. Hakusema neno. Mshikaji akakata palepale: "Haya, chombo kimekaa sawa, maji yamerudi, ila sasa tupo abiria wanane." Mchezo ukaendelea. Hakuna aliyemkodolea macho, nae akaendelea kutuchekesha. Wiki mbili baadaye, mwenyewe kwa hiari yake, akatuambia kuna ndugu yake alipanda kivuko kule ziwani na hakushuka.

Pakawa na ubishi kijiweni. Wengine wakasema kipande kile kifutwe. Mmoja akaja juu: tukifuta kila kinachouma tutabaki na hadithi za sungura na fisi, na pale pantoni inapolala ndipo panapotisha kuliko pote! Nae hakukosea, maana hata mie ndipo mikono ilianza kunitetemeka. Mtunzi akanyamaza. Kazi yake ya miezi minne ilikuwa inamsubiri aamue.

Aliyemaliza ubishi ni dada mwenyewe. "Kaka, usikifute," alisema. "Ila mtu ajue kabla hajapanda."

Basi sasa ukurasa wa kwanza kabisa una mstari unaosema kwamba katika kisa hiki chombo kinaweza kuzama, na msimulizi awaulize wachezaji kabla ya kupanga mnara. Na nyuma kuna njia ya pili: abiria wale wale wanaizunguka bahari kwa daladala, kupitia Daraja la Kigamboni lililofunguliwa mwaka 2016. Usiku, taa zinazima, na wakihesabiana bado wanazidi mmoja. Njia hiyo tunaijaribu Jumapili hii. Dada kasema anakuja.

Nimeona watu wakisema michezo ni ya watoto. Sawa. Lakini niambie ni wapi kwingine kijana wa mjini anakaa saa mbili akisikiliza wenzake, anaambiwa wazi kwamba kazi yake ilichosha dakika ya arobaini, na anarudi nyumbani kuirekebisha badala ya kununa.

Kama una kisa kichwani, usingoje kitabu kizito. John Harper wa Marekani alitoa mchezo kamili uitwao Lasers & Feelings mwaka 2013, na wote ni ukurasa mmoja! Ukurasa mmoja hata stationery ya mtaani kwako wanakutolea kopi. Andika, ita watu, weka jokari mezani, halafu funga mdomo wako na ufungue daftari.

Na wewe uliyealikwa kujaribu kazi ya mwenzio, nakuomba, usimwambie kali. Mwambie ulichoka wapi.

Tukijaaliwa wiki ijayo, nitakupa habari za darajani. Chao!