Nani Anamkumbuka wa Tatu? Mimi!

Leo nataka tubishane kidogo kuhusu kandanda. Wengi hapa shuleni husema ati mechi ya kuwania nafasi ya tatu ni kupoteza wakati. "Nani anamkumbuka wa tatu?" huuliza. Mimi namkumbuka, na wa nne pia.

Wapinzani wangu wana hoja, sikatai. Katika mashindano ya mataifa ya Ulaya mechi hii ilichezwa mara ya mwisho 1980, Chekoslovakia ilipoishinda Italia kwa penalti. Tangu 1984 hakuna tena. Wachezaji wamechoka, wana uchungu wa nusu fainali, na makocha huwaingiza hata waliokuwa wakikalia benchi. Lakini jamani, Ulaya ni Ulaya. Ujerumani ikikosa medali leo, itarudi kesho. Sisi je?

Hebu tutazame CHAN ya Agosti 2025, iliyoandaliwa na Kenya, Uganda na Tanzania. Harambee Stars walitolewa na Madagaska kwa penalti katika robo fainali pale Kasarani, tarehe 22. Hapa Lopur watu walinyamaza kama waliofiwa, na wengi wakaacha kufuatilia. Walikosa uhondo! Sudan, nchi iliyo vitani tangu Aprili 2023, ilikuwa imeichapa Nigeria 4-0 kule Zanzibar. Ikaitoa Algeria, kisha ikafungwa 1-0 na Madagaska katika muda wa ziada wa nusu fainali. CHAN ni ya wanaochezea klabu za nchi zao, lakini msimu wa 2024-25 Al Hilal na Al Merrikh walilazimika kucheza ligi ya Mauritania, mbali kabisa na kwao.

Sasa niambieni, timu kama hiyo ingeambiwa ifunge virago mara moja, irudi wapi? Tarehe 29 iliingia uwanja wa Namboole, Kampala, kupambana na Senegali. Walitoka sare 1-1, Senegali ikashinda kwa penalti 4-2. Medali hiyo Sudan iliijua vizuri, kwani iliipata 2011 na 2018.

Kambi ya Kakuma ilianza 1992 kwa kuwapokea vijana waliokimbia vita vya Sudan, kwa hiyo majirani wenye asili ya huko si haba. Usiku ule tulikuwa wanne tumeizingira simu moja, wawili wakiwa wa kutoka Sudan. Chaji ikaisha kabla ya penalti. Hakuna aliyesema mechi haina maana. Kila mtu aliuliza chaja iko wapi!

Hata Kenya, Desemba 2019, iliilaza Tanzania 2-1 ikawa ya tatu katika CECAFA kule Uganda. Si kombe, lakini ni afadhali kuliko kurudi na vipigo viwili mfululizo.

Nimefika nilikokuwa nikielekea. Katika kombe letu la madarasa, wakishindwa nusu fainali huambiwa wakae kando watazame fainali. Ombi langu kwa mwalimu wa michezo ni hili: tupewe dakika arubaini tu kabla ya fainali. Hata saa nane mchana, jua la Turkana likiwa kali, tutacheza. Mpira tutaleta wenyewe.