Motokaa Isiyotoka Kiwandani Ina Bei Gani?



Mkipita jioni penye duka lo lote la kijijini, hamtakosa kuwakuta vijana watatu au wanne wameinamia simu moja. Wanatazama picha ya motokaa ya mbio, nyekundu, fupi ya kimo, milango yake yafunguka kwenda juu kama mabawa ya ndege. Motokaa yenyewe haijatoka kiwandani, wala hakuna aliyepata kuiendesha isipokuwa mafundi wake. Lakini mabishano yamekwisha pamba moto. Huyu asema itakuwa na injini ya silinda nane, yule aapa kwamba ni kumi na mbili. Mmoja ataja bei, mwingine aizidisha mara mbili. Mzee apitaye huwatazama, akasema: “Na hali hata baiskeli hamna!”

Mimi siwacheki vijana hao. Kukisia ni hesabu, na hesabu hunoa akili. Walakini wako watu waliokisia kwa fedha zao wenyewe, na wengine kwa kazi yao na chakula cha watoto wao. Habari zao zatufaa hata sisi tusiotazamia kununua motokaa ya mbio maisha yetu yote. Leo tuzitazame kidogo.

Kwanza tuulize: kwa nini bei na injini huulizwa pamoja? Sababu yake ni rahisi. Injini nzito yataka mwili wenye nguvu wa kuibeba, na mwili mzito wataka breki kubwa na matairi mapana. Ukibadili injini, umebadili karibu motokaa yote. Tena kubuni injini mpya ni gharama kubwa mno. Mfano wake ni kalibu ya matofali. Fundi akichonga kalibu kwa ajili ya nyumba moja tu, gharama yote ya kalibu yaangukia nyumba hiyo. Akiitumia kwa nyumba mia, gharama ile hugawanyika hata isionekane. Basi anayetaka kukisia bei ya motokaa, na aulize kwanza: injini yake imetoka wapi, na motokaa ngapi zitaigawana?

Sasa sikilizeni habari ya motokaa moja iliyopewa bei yake kuwa jina. Huko Marekani palikuwa na Bwana mmoja, John DeLorean, mkubwa wa zamani katika kampuni ya General Motors. Aliacha kazi mwaka 1973, akataka kuunda motokaa yake mwenyewe. Aliiita DMC-12. Herufi zile ni za kampuni yake, na ile 12 ilikuwa ni bei aliyoitazamia, dola 12,000. Bodi yake ilikuwa ya chuma kisichoshika kutu, haikupakwa rangi, na milango yake ilifunguka kwenda juu. Picha zake zilipendeza watu wengi sana.

Lakini injini? Kwanza walifikiria injini ya aina mpya isiyokuwa na pistoni za kupanda na kushuka. Shauri hilo likaachwa. Mfano wa kwanza, wa mwaka 1976, ukatiwa injini ya Citroën yenye silinda nne. Hiyo nayo ikaonekana haina nguvu ya kutosha. Mwisho wakachukua injini ya silinda sita iliyobuniwa na kampuni tatu za Ulaya, Peugeot, Renault na Volvo, wakaiweka nyuma kabisa ya motokaa. Injini ilipohama, mwili nao ukabidi ubuniwe upya, na kazi hiyo ikafanywa na kampuni ya Lotus ya Uingereza. Kila badiliko lilikula fedha na miezi.

Motokaa hiyo ilipoanza kuuzwa mwaka 1981, bei yake ilikuwa kama dola 25,000. Zile 12,000 zilikuwa zimezidi mara mbili. Na nguvu yake ilikuwa kama farasi 130 tu. Mwaka ule ule, Corvette ya Marekani iliuzwa kwa chini ya dola 20,000, nayo ilikuwa na nguvu za farasi 190. Wanunuzi wakafanya hesabu. Motokaa zikabaki zimejaa katika viwanja vya wauzaji.

Labda mtasema, hayo ni matata ya matajiri, wayamalize wenyewe. Hasha! Kiwanda kilikuwa Dunmurry, karibu na mji wa Belfast, katika Ireland ya Kaskazini. Miaka ile watu wa huko walikuwa wakiuana, Wakatoliki kwa Waprotestanti, na katika mitaa ya Wakatoliki ya magharibi ya mji wanaume wengi hawakuwa na kazi. Serikali ya Uingereza ilitoa mamilioni ya pauni za wananchi ili kiwanda kijengwe, kwa matumaini kwamba watu wakipata kazi wataacha kushika bunduki. Ujenzi ulianza mwaka 1978. Zaidi ya watu elfu mbili waliandikwa kazi, Wakatoliki na Waprotestanti, wakafunga boliti katika motokaa moja. Jambo hilo peke yake lilikuwa jema na la kustahili sifa.

Basi Januari ya mwaka 1982 wafanyakazi zaidi ya elfu moja wakaachishwa. Februari kampuni ikawekwa chini ya wasimamizi kwa sababu ya madeni, na kabla ya mwaka kwisha kiwanda kikafungwa. Motokaa zilizoundwa zilikuwa kama 9,000 tu. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1985, motokaa hiyo ikaonyeshwa katika filamu moja ya Marekani, ikapata umaarufu mkubwa duniani. Lakini umaarufu huo haukumrudishia baba hata mmoja wa Belfast kazi yake. Makisio ya bei yalikuwa yamekosewa mbali, na waliolipa ni watu ambao hawakuulizwa bei.

Habari ya pili ni ya Uingereza yenyewe. Mwezi wa Oktoba 1988, katika maonyesho ya motokaa mjini Birmingham, kampuni ya Jaguar ilionyesha motokaa iliyoitwa XJ220. Hesabu 220 ilikuwa ni maili ilizokusudiwa kukimbia kwa saa moja. Ilikuwa na injini ya silinda kumi na mbili, na magurudumu yake yote manne yalivuta. Watu wakashangilia. Matajiri wakaja na vitabu vyao vya hundi.

Mwezi wa Desemba 1989 kampuni ikatangaza kwamba itauza motokaa hizo, zisizozidi 350, kwa pauni 290,000 kila moja bila kuhesabu kodi. Arbuni, yaani fedha ya kutanguliza, ilikuwa pauni 50,000. Watu zaidi ya elfu moja walitaka kununua. Wengine hawakuitaka motokaa yenyewe. Walikusudia kuiuza papo hapo kwa faida.

Lakini mafundi walikuwa wamekwisha kupima na kuona kwamba ile injini ya silinda kumi na mbili ni nzito mno. Wakaiacha, wakatia ya silinda sita yenye turbo mbili, na magurudumu ya nyuma peke yake ndiyo yaliyovuta. Kwa kweli injini hiyo ndogo ilikuwa na nguvu, farasi 542. Lakini wanunuzi wengi walikuwa wameipenda ile ya kwenye maonyesho. Tena mkataba ulisema kwamba bei itapanda kadiri gharama zinavyopanda, na motokaa zilipoanza kutolewa mwaka 1992, pamoja na kodi, bei ilikuwa imepita pauni 400,000. Wakati huo huo biashara ilikuwa imeanguka Uingereza, na wale waliotazamia faida hawakupata wa kumwuzia.

Wengine wakataka kujitoa. Shauri likafika mahakamani, na mwaka 1995 Jaguar ikashinda. Sababu ya kushinda ndiyo iliyonipendeza mimi niliye karani. Mahakama iliona kwamba karatasi zilizofungamana na mkataba zilieleza wazi kwamba motokaa haitakuwa na injini ya silinda kumi na mbili. Yaani habari ilikuwako, nyeusi juu ya nyeupe, tangu siku ya kutia sahihi! Wanunuzi walisoma picha, hawakusoma karatasi. Nao hawakuwa watu wasiokwenda shule.

Msidhani kwamba makisio hukosewa upande mmoja tu. Tarehe 18 Julai 2019, huko California, kampuni ya General Motors ilionyesha Corvette mpya. Kwa mara ya kwanza injini ya Corvette ya kuuzwa ilihamishwa kutoka mbele ikawekwa nyuma ya kiti cha dereva, kama zilivyo motokaa za bei kubwa za Italia. Kabla ya siku hiyo wengi walikisia kwamba bei itaruka mbali sana. Kampuni ikatangaza kwamba bei itaanzia chini ya dola 60,000, na watu ukumbini wakapiga makelele ya furaha.

Wangalifikiri juu ya ile kalibu ya matofali, wasingalishangaa sana. Injini ilikuwa ya silinda nane, lita 6.2, nguvu za farasi 495. Ni ya ukoo ule ule wa injini ambao kampuni hiyo imekuwa ikiuunda tangu mwaka 1955, na ndugu zake wamo katika malori madogo yanayouzwa kwa wingi sana. Mahali pa injini palikuwa papya, lakini injini yenyewe mafundi waliijua kama mkulima ajuavyo jembe lake. Hata hivyo angalieni lile neno “kuanzia”. Viti vizuri zaidi, breki kubwa zaidi, usafirishaji, ushuru na kodi, kila kimoja huongeza bei yake juu ya ile ya kwanza.

Na motokaa ambayo vijana wetu wamebishania miaka mingi ni ile ya Tesla iitwayo Roadster. Hiyo haina injini ya mafuta. Huendeshwa kwa umeme wa betri. Ilionyeshwa mwezi wa Novemba 2017. Bei iliyotajwa ilikuwa kuanzia dola 200,000, na arbuni dola 50,000. Waliotaka kuwa miongoni mwa elfu moja wa kwanza waliambiwa walipe dola 250,000 zote mbele. Ahadi ilikuwa kwamba motokaa itatoka mwaka 2020. Mwaka huo ukapita. Hata mwaka 2024 ulipokwisha, hakuna mnunuzi aliyekuwa amekabidhiwa motokaa yake. Wahenga walisema, usikate mbeleko mtoto hajazaliwa.

Basi, akina baba na akina mama, motokaa za mbio tumezitazama vya kutosha. Sasa tutazame mashine ya kusaga, pikipiki, na pampu ya maji. Kwa maana huku kwetu nako hufika mtu mwenye kiatu kinachong'aa na kitabu cha picha. Husema: “Mali iko melini, yakaribia kufika. Toeni kidogo tu cha kutanguliza.” Na kikundi kilichouza mahindi au kahawa hutoa, kwa sababu picha inapendeza. Simwambii mtu asitoe arbuni. Biashara nyingi za halali huanza kwa arbuni. Lakini mwulizeni mtu huyo mambo matatu.

La kwanza: Injini ya mashine hii ni ya namna gani, na ni wapi karibu nasi inafanya kazi, ili twende tukaisikie ikinguruma? Mashine iliyozoeleka hupata fundi na vipuri. Ile ambayo haijapata kuwashwa po pote, msiwe ninyi wa kuijaribu kwa fedha ya ada za watoto.

La pili: Bei hii imehesabu nini? Je, usafiri umo? Kodi imo? Kuifunga mpaka ianze kusaga kumo? Au ni bei ya “kuanzia”?

La tatu: Yameandikwa wapi? Takeni stakabadhi yenye tarehe, aina ya mashine, ukubwa wa injini, bei nzima, siku ya kuletwa, na namna ya kurudishiwa fedha isipofika. Kisha isomeni karatasi yote kabla ya kutia sahihi au dole gumba. Ikiwa imeandikwa kwa lugha msiyoijua, muiteni mwalimu, na mwenye haraka aende zake. Kumbukeni wale wa Jaguar: karatasi humfunga muuzaji, nayo humfunga mnunuzi vile vile.

Nanyi vijana wa dukani, endeleeni kukisia, ila kisieni kwa utaratibu. Chukueni daftari, kila mtu aandike jina lake, tarehe, injini anayoitazamia na bei, pamoja na sababu zake. Daftari akae nalo mwenye duka. Siku kampuni itakapotangaza bei ya kweli, lifungueni mbele ya wote, na aliyekaribia kuliko wenzake mnunulieni soda. Aliyekosea mbali na aulizwe hesabu yake ilipotelea wapi.