Si Kila Tikiti ni Biashara

Wasee, wiki jana nilirekodi video fupi nikikata tikiti tamu la kwanza kutoka kwa magunia yetu hapa Kitengela. Unalijua: ngozi imechorwa kama wavu, ndani rangi ya chungwa, wauza matunda hulita switi meloni. Video ilikuwa kisu, juisi, mimi na mathe tunakula tukiwa tumeketi mlangoni, basi. Nyinyi mkauliza swali moja tu: "Buda, ekari moja inatoa ngapi?" Mmoja akapiga hesabu yote, miche mara matunda mara bei. Kufika jioni nilikuwa milionea kwa simu yake.

Hiyo hesabu naijua. Ilinimaliza.

Nilipotoka chuo mwaka wa pili, karo imekwama, nilikodisha robo ekari nikapanda tikiti maji kwa pesa mathe alikopa kwa chama. Kwa karatasi nilikuwa nimeomoka. Kwa shamba, nzi wa matunda walitoboa mengi, yaliyobaki yakaiva wakati kila mtu anavuna, na broka akaja na bei yake mfukoni. Mathe alilipa hilo deni mwaka mzima. Hakuwahi kunigombeza, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Na si mimi wa kwanza. Mnakumbuka kware? 2013 kwenda 2014 nchi nzima ilikuwa inafuga kware, yai lao eti linatibu kila kitu. Kisha bei ikaanguka na watu wakabaki na vizimba.

Kwa hivyo safari hii nilipanda magunia manne. Udongo wetu hapa ni ule mweusi, mvua ikinyesha unanata, jua likiwaka unapasuka, kwa hivyo nilichanganya na samadi iliyooza vizuri na mchanga kidogo. Mbegu nilinunua agroveti pakiti ndogo. Za tunda la soko unaweza kujaribu, lakini mengi ni haibridi, utakachovuna kinaweza kuwa tofauti kabisa na ulichokula.

Maua ya kwanza yakianguka bila tunda usilie. Hayo huwa ya kiume. Ya kike utayajua kwa kauvimbe kadogo chini ya ua. Nyuki wakikosa, chukua ua la kiume asubuhi, uguse la kike katikati. Maji mwaga kwa shina, si kwa majani, ukungu usikushike. Kila mmea niliuachia matunda mawili tu, nikayavika mifuko ya karatasi, maana nzi tulishajuana.

Sasa sikia kitu robo ekari haikunifunza. Tikiti tamu likishachumwa, sukari haiongezeki tena. Litalainika, litanukia, lakini utamu ulioingia likiwa kwa mmea ndio huo huo. Si kama ndizi, ambayo unaichuma mbichi na inatamu ndani ya nyumba. Ndiyo maana lile unalonunua wakati mwingine lina ladha ya tango: lilichumwa mapema ndio livumilie safari. Mwenye kuuza hana budi kuharakisha. Mwenye kula anaweza kungoja.

Na kungoja kuna dalili. Kijani chini ya wavu kinageuka kahawia hafifu. Ukinusa upande wa kitako, harufu inakupata. Mwisho kikonyo kinapasuka kwa mduara na tunda linaachia lenyewe ukiligusa. Mbegu hadi hapo ni karibu miezi mitatu. Wiki ya mwisho punguza maji. Osha ngozi kabla ya kukata, maana ule wavu unashika uchafu. Sisi tulila na ndimu na pilipili ya unga, kama embe za nje ya shule.

Najua mtasema: "Wewe unaongea utamu na sisi tunatafuta kodi." Haki yenu. Kama una maji, una mtaji wako na mnunuzi unamjua kabla hujapanda, lima ekari kumi, nitakupigia makofi. Shida yangu ni vile tumefunzwa kwamba kitu bila bei ni kupoteza wakati. Unasuka vizuri? Fungua saluni. Unapika pilau? Uza. Hata kupumzika siku hizi lazima kulete pesa. Tuko ishirini na kitu, tunakopa mamangu na mamako, tunacheza na pesa zao kwa kitu hatujawahi kukuza hata kimoja.

Gunia likikosea, unapoteza debe la samadi na aibu kidogo. Robo ekari ikikosea, mathe analipa chama. Hiyo hesabu ndiyo ningetaka mtu anipigie nikiwa na miaka ishirini.

Matunda mawili tuliwapelekea majirani. Moja mathe alibeba kwa chama, kwa wale wale waliomkopesha. Alirudi na mbegu zimekauka kwa tishu, wamama wameagiza niwaoteshee miche.

Hapana, siuzi. Kama una gunia na jua, anza na mche mmoja. Ukiiva, kata, ita watu, mle. Hesabu itangoja.