Gololi za Gambia

Wapo watu, na baadhi yao ni wenye elimu, ambao wakisikia kwamba wananchi wa Gambia humchagua Rais wao kwa gololi hufanya istihzai, wakidhani hayo ni masalia ya zama za ujinga. Nami naona kicheko chao kina haraka, kwani laiti wangeliutazama utaratibu ule kwa utulivu, wangeliona hekima ambayo nchi nyingi zenye mitambo ya thamani kubwa zimeikosa.

Gololi zilianza kutumika katika miaka ya 1960, wakati raia wengi hawakujua kusoma. Mpiga kura, akisha kuhakikiwa, hupewa gololi moja tu, akaingia faraghani palipopangwa mapipa ya chuma, kila moja limepakwa rangi ya chama na kubandikwa picha ya mgombea, akaitumbukiza katika mrija wa pipa alitakalo. Nayo ikishuka hugonga kengele iliyomo ndani, kisha ikatua juu ya mchanga au unga wa mbao, isitoe mlio mwingine. Kengele ikilia mara mbili, hata mkongwe asiyejua alifu kwa kijiti hutambua kwamba pana hila. Ndiyo maana siku ya kura baiskeli, ambazo kengele zake hufanana na hiyo, hukatazwa kupita karibu na vituo!

Baadaye gololi humiminwa katika sinia zenye vishimo 200 au 500, na mawakala wa vyama wakitazama. Mwaka 2016 hesabu hiyo ilifanywa papo hapo vituoni kwa mara ya kwanza, na Yahya Jammeh, aliyeshika dola kwa mapinduzi ya 1994, akashindwa na Adama Barrow. Jammeh alikubali kushindwa, kisha akakana, hata Barrow akaapishwa katika ubalozi wa Gambia mjini Dakar, Senegal, na majeshi ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, yakavuka mpaka, ndipo Jammeh akaihama nchi. Kasoro ya hesabu aliyoishikilia ilikuwa ya kweli, maana Tume ya Uchaguzi ilikuwa imekwisha kurekebisha takwimu zake. Lakini ilizuka katika majumlisho ya karatasi, wala si katika mapipa.

Wasemao kwamba gololi zina udhia wana hoja, kwa kuwa kila mgombea huhitaji pipa lake katika kila kituo, na mwaka 2021 wagombea walikuwa sita. Wakitaka karatasi za kura, na wachukue karatasi, ila hesabu isiondolewe kituoni.